Kijani Kilivyonihadaa Amani

Nimezaliwa Ngamiani, Tanga mjini, na mpaka nafikisha miaka thelathini na sita nilikuwa sijakanyaga msitu wa Amani. Ngorongoro nilishapelekwa na kazi. Unguja nimekwenda nikarudi hadi nikachoka kuhesabu. Lakini msitu ulio njia ya Muheza, hapo nyuma ya nyumba, nilikuwa nausikia redioni tu, tena siku ambazo maji yamesumbua. Maji ya bomba ya Tanga yanatoka mto Zigi, yanakusanywa bwawa la Mabayani, na mto wenyewe unakusanya vijito vyake kule juu, Usambara Mashariki. Msitu ule nimeunywa tangu nikiwa tumboni. Kuuona ndiyo nilikuwa bado.

Aliyenitoa nyumbani ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekuja likizo kutoka Dar Februari moja na kutangaza kwamba ufukwe ameshauona, anataka baridi. Tukapanda basi hadi Muheza, tukala machungwa pale stendi, kisha tukabahatisha gari la kupanda mlimani. Ni moja katika machache ya siku nzima. Likikuacha, umebaki na bodaboda kwenye barabara ya mawe itakayokutikisa hadi jino lililozibwa lizibuke.

Lango liko Zigi. Nyumba wanayopokelea wageni ilikuwa ya mkuu wa stesheni, maana enzi za Mjerumani kulikuwa na reli ndogo iliyopanda kutoka Tengeni kufuata mbao. Reli ilishang'olewa zamani, nyumba imebaki na baraza lake, inatazama mahali ambapo treni haiji. Tukapewa namba ya malipo, tukalipa kwa simu kiingilio cha raia, ambacho ni kidogo sana ukilinganisha na wanachotozwa wageni wa nje.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Kijana wa mapokezi alitueleza kwamba njia za ndani ya msitu zinaendwa na muongozaji, akataja na malipo yake. Nikamjibu, tena kwa sauti: "Kaka, mimi mtu wa Tanga hapahapa, niongozwe kwetu?" Mdogo wangu akacheka, nami nikajiona nimesema jambo la maana. Tukaamua kupanda kwa miguu kwa barabara ya magari, ambayo haimtaki mtu wa kukushika mkono.

Tulianza saa nne na nusu, jua limeshakaa sawasawa, mimi na raba zangu nyeupe, mdogo wangu na muziki kwenye simu. Tuliona miti. Kisha tukaona miti mingine. Kijito, daraja, miti. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alitupita kwenye mpando tukiwa tumekaa juu ya jiwe tunahema. "Onga mshi," akatusalimu, wala hakupunguza mwendo. Nikaitikia kwa Kiswahili, na aibu ikanishika, maana bibi mzaa mama alikuwa Msambaa na salamu ile ningepaswa kuijibu inavyojibiwa. Wanyama? Kima mmoja, na huyo nilimwona mkia.

Kwenye kona moja miti ilikuwa mirefu, imenyooka, magome ya kijivu, mwanga ukipenya majani na kudondoka chini vipandevipande. Nilipiga picha karibu arobaini. Moja nikaiweka palepale kwenye kioo cha simu yangu, nikaituma na kwenye kundi la ukoo na maneno haya: "Msitu wa asili, umri wake haujulikani." Mioyo ikamiminika kutoka Korogwe hadi Muscat.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni huko juu, nikamwambia mama wa jikoni kwamba msitu wao mzuri lakini hauna kitu.

"Mmepita na nani?" akauliza.

"Wenyewe."

"Aa," akasema, akageuza chapati. Baada ya kitambo akatoa simu mfukoni mwa aproni akampigia mtu kwa Kisambaa.

Mtu huyo alikuja alfajiri, saa kumi na mbili na ushei, ukungu bado umelala barabarani. Ana umri wa hamsini na kitu, buti za mpira, darubini kuukuu iliyofungwa kamba ya katani shingoni. Nikampa shikamoo yake. Katika kuulizana kwetu nikamtajia bibi. "Bibi yako Msambaa? Basi mimi mjomba wako," akasema, na kuanzia hapo akawa mjomba, mimi mpwa, na mdogo wangu, ambaye bibi yake ni yuleyule, akawa "huyu wa Dar."

Tulipoingia njia ya msituni hatukufika mbali. Kila hatua ishirini alisimama. Mwanzoni nilidhani anasubiri tupumzike. Kumbe anasikiliza. Mimi nikawa nasimama nyuma yake nikitazama saa, hadi akaniambia bila kugeuka: "Mpwa, unatembea kama unawahi basi." Mdogo wangu alizima muziki bila kuambiwa.

Katika kituo cha tatu au cha nne nilitoa simu nipige picha, naye akaona kioo. Akaomba aitazame. Akaisogeza mbali na macho, wanavyofanya watu wasio na miwani.

"Huu mti unaujua?"

"Si mti wa msitu wa asili?"

"Huyu mgeni," akasema. "Musizi."

Akanieleza huku tukiendelea kutembea, kwa vipande, kama mtu anayemenya muhogo. Musizi kwao ni Uganda na Bukoba, kuendelea Kongo hadi Afrika Magharibi. Wakoloni waliuleta Amani mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye, miaka ya 1960 na 1970, ukapandwa zaidi kwa sababu unakimbia kukua na mbao zake zinauzika. Shida ni kwamba haukukaa ulipopandwa. Matunda yake hondohondo wanayapenda kuliko chochote. Wanameza, wanaruka na mabawa yao yanayovuma kama upepo kwenye turubai, na kuziangusha mbegu upande wa pili wa mlima. Palipo na msitu mzito, uliofunga, mbegu hazifui dafu. Lakini palipofunguka, palipoanguka mti mkubwa au palipopita msumeno, musizi ndio unaowahi kiti.

"Na hapo kwenye picha yako," akasema, "mimi nimebeba mbao kutoka hapo. Nilikuwa kijana mdogo. Miaka ya themanini. Bega hili." Akaligusa.

Sikujibu. Ile kona niliyowatangazia ndugu zangu hadi Uarabuni kuwa haijulikani umri, umri wake ulikuwa mdogo kuliko wa mtu aliyesimama mbele yangu, na alikuwa anajua hata nani alikata nini. Nilichopiga picha arobaini lilikuwa kovu. Zuri, lakini kovu.

Ukiniuliza nilijifunza nini Amani, ndicho hicho. Vinyonga na maua ni nyongeza. Macho yangu hayakuwa yanaona msitu. Yalikuwa yanaona kijani, na kijani kwangu kilikuwa kitu kimoja, shamba la chai, kichaka, mwembe wa jirani, vyote sawa. Mbugani mnyama anakufundisha pa kutazama, ukimwona tembo umemwona tembo. Msituni hakuna anayekuitia. Lazima mtu akuoneshe, na yule kijana wa mapokezi alijaribu kuniuzia macho hayo kwa bei ambayo naitumia kwa kahawa na kashata wiki moja.

Basi mjomba akaanza kunionesha. Jani la musizi kwanza, ili nisirudie kosa: linang'aa, na ukingo wake una meno madogo kama ya msumeno. Akaniambia nipitishe kidole. Kisha akapekua majani makavu chini kwa ncha ya buti. Tabaka la juu lilikuwa jeusi, laini, limejaa vizizi vyembamba kama nywele. Chini yake, kina cha kiganja tu, udongo mwekundu.

"Utajiri wote uko hapa," akasema, akionesha ule weusi. "Huku chini hamna kitu."

Wajerumani hawakulijua hilo, au hawakutaka kulijua. Miaka ya 1890 waliiona miti hii mikubwa wakasema udongo unaobeba majitu kama haya lazima uwe na rutuba isiyo kifani. Wakafyeka Derema na kwingine wakapanda kahawa. Kahawa ikaanza vizuri, kisha ikachoka. Msitu wa mvua unajilisha wenyewe, jani linaanguka, linaoza, mzizi unalinyonya kabla mvua haijaliosha. Ukiondoa miti umeondoa na jiko. Kilichobaki ni udongo wenye uchachu, na mmea unaopenda uchachu ni chai. Ndiyo maana ukisimama juu Amani leo unaona msitu, halafu ghafla, kama umekatwa kwa wembe, bahari ya chai. Siku ya kwanza niliipiga picha na hiyo, nikasema uzuri wa asili.

Ndani zaidi hewa ilibadilika. Ilikuwa na baridi ya chumba kilichofungwa siku nyingi, na harufu ya uyoga. Hapo nikaoneshwa mtambara, mti ambao jenasi yake yote ina aina hiyo moja tu, na kwao ni kwenye milima yetu hii ya mashariki. Ni wa ukoo wa kungumanga, ile tunayokwangulia kwenye maandazi. Nilishika gome lake, nikaangalia juu, shingo ikauma kabla sijaona tawi la kwanza. Mdogo wangu akauliza una miaka mingapi. Mjomba akasema hajui. Ilinifurahisha, kwa sababu alikuwa anajua mengi na angeweza kutudanganya kirahisi.

Chini ya mti uitwao msambu tuliokota tunda. Ni refu, la kahawia, gome lina mabaka, na ukilibeba linalemea mkono kama mtoto mchanga aliyelala. Ndani mna mbegu zenye mafuta. Wanavijiji huziokota na kuziuza, na mti unabaki umesimama. Mjomba alisema watu wa nje wanaona ajabu kwamba msitu unaweza kukupa pesa bila kuukata, lakini bibi zake walikuwa wanakamua mafuta hayo kabla ya mnunuzi yeyote kufika.

Hapa niseme kuhusu siafu, maana bila siafu simulizi ya msituni si kamili. Alituambia tuchomeke suruali ndani ya soksi. Mimi nilikuwa na soksi fupi za kufichika ndani ya raba, zile za fasheni. Nilikanyaga mstari wao nikitazama juu kumfuata mbega, weusi na weupe, mkia kama ufagio mpya. Dakika moja baadaye nilikuwa nacheza ngoma isiyo na mpigaji katikati ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, mdogo wangu akinirekodi. Vidio hiyo ilipata mioyo mingi kuliko ile picha.

Karibu na kijito, kwenye mwamba wenye kivuli unaochuruzika maji, kulikuwa na majani ya manyoya yamejibandika kwenye jiwe, na vijiua vya zambarau vyenye kitovu cha manjano. Nilicheka. Mama yangu alikuwa nalo hilo dirishani, kwenye kopo la maziwa ya unga, alipewa na mama mmoja wa kanisani aliyelitoa ng'ambo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alimpelekea baba yake ua hili Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kwa jina la ukoo wa huyo ofisa: Saintpaulia. Leo madirisha ya Ulaya na Marekani yamejaa. Ua limetoka kwetu, limezunguka dunia, likarudi Ngamiani kwenye kopo, na mama yangu akiambiwa ni ua la Kizungu.

Mchana tulishuka kwenye bustani ya mimea, waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902 pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo. Walileta mbegu kutoka kila pembe waone kipi kitaota. Mkwinini upo hadi leo, ule ambao magome yake walitengenezea kwinini ya askari wao wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia walipokatiwa njia za bahari. Kafuri ipo, ukifikicha jani mkononi unanusa kabati la nguo za bibi. Mianzi minene kama mapaja. Waingereza waliendeleza, kisha wakahamishia utafiti wa kilimo Muguga, Kenya, na majengo yakageuka ya utafiti wa malaria. Nilitembea mule nikiwa na mawazo mawili yanayogombana. Ni pazuri, na kila kitu kilichonivutia mle ndani kilikuwa mgeni kama musizi. Wengine walitulia, wengine walitoroka wakaingia msituni. Mti wa mpira wa Amerika, mjomba alisema, nao ni mtoro.

Usiku ndipo alipotuchukua tena na tochi. Kutembea usiku ni malipo ya pembeni, na safari hii nilitoa kabla sijaombwa. Kinyonga mchana humwoni hata akiwa puani kwako. Usiku amelala kwenye ncha ya kitawi, amepauka, na tochi ikimpiga anang'aa kama karatasi. Dume mmoja alikuwa na pembe tatu, wale ambao jina lao la kisayansi limechukuliwa Derema. Tumelelewa kumwogopa kinyonga sisi, kwamba akikuuma hivi, akikupandia vile. Mdogo wangu alisimama hatua sita nyuma na hakusogea. Mimi nilisogea hadi nikaona vidole vyake vilivyoshika kitawi, viwili upande huu, vitatu upande ule, kama koleo. Alifungua jicho moja, akalizungusha kututazama, akalifunga tena. Kuna jenasi nzima ya vinyonga ambayo wataalamu waliipa jina Kinyongia, neno letu hilohilo.

Kisha kitu kikapiga kelele juu ya mti.

Kilianza kama mlango usiotiwa mafuta, ukifunguka polepole, ukapanda, ukapanda, hadi ukawa mtu anayenyongwa. Nilimshika mjomba mkono, mtu mzima mimi. "Perere," akasema. Ni pimbi wa mitini, mnyama wa ukubwa wa sungura. Tangu hapo nimewapigia watu wengi sauti hiyo kwenye simu bila kuwaambia ni nini, na bado hajapatikana aliyekisia pimbi.

Tukirudi, taa za nyumba zimeanza kuonekana, nilimuuliza mjomba kama anafurahi msitu kuhifadhiwa. Nilitegemea ndiyo ya haraka. Alinyamaza hatua kadhaa. Mama yake alikuwa na shamba la iliki chini ya kivuli cha msitu upande wa Derema. Iliki inataka kivuli, kwa hiyo watu waliacha miti mikubwa na kufagia midogo, na baada ya miaka ardhi ikichoka wanasogea. Msitu ulikuwa unakufa taratibu bila kuanguka, hilo yeye mwenyewe analisema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukanda ule ulipotengwa kuunganisha misitu, wakulima waliondolewa na kulipwa kwa miche yao.

"Walilipwa vizuri?"

"Mama alinunua mabati," akasema. "Lakini iliki ilikuwa inazaa kila mwaka. Mabati hayazai."

Na papo hapo akanieleza kuhusu 2003 na 2004, dhahabu ilipoonekana Sakale na watu wakafurika mtoni na sururu, maji ya Zigi yakawa tope. Nilikumbuka. Nilikuwa binti, tulichota maji ya rangi ya chai na mama akawa anayatuliza kwa shabu kwenye ndoo. Hakuna mtu nyumbani aliyetuambia yanatoka wapi na kwa nini yamekuwa hivyo. Tulilaumu mabomba.

Nilirudi Julai, peke yangu, masika yameshapita, kila kitu kimefura. Buti za mpira nilinunua Muheza, soksi ndefu za mpira wa miguu za mtoto wa dada. Pesa taslimu mfukoni, maana mtandao kule ni wa kubahatisha. Chakula niliagiza mapema asubuhi, kwani huko hawapiki hadi wajue upo, kuku anaanza kukimbizwa ukiwa umeshaona njaa. Kijana wa mapokezi alinikumbuka. "Dada wa Tanga hapahapa," akasema, akakunja mdomo asicheke.

Mjomba alinikaribisha kwa mtihani. Tulikuwa hatujafika hata kijito cha kwanza, akasimama mbele ya shina refu, limenyooka, akaweka mkono juu yake.

"Haya, mpwa. Nani huyu?"

Niliangalia juu. Majani yalikuwa mbali mno kuona ukingo. Niligusa gome. Nilinusa, sijui kwa nini nilinusa. Nikakumbuka shingo iliyouma, nikasema kwa uhakika wote: "Mtambara."

Alicheka hadi akainama akashika magoti, darubini ikining'inia kwenye kamba yake ya katani. Kisha akaokota jani chini, akanipa, akangoja nipitishe kidole.